Maisha ya Bibi Grace Hopper na Lugha ya COBOL

Wazee wetu wa Urambo walijua tangu zamani ya kuwa kazi kubwa ya watu wengi haitendeki pasipo lugha ya pamoja. Katika karne ya 19 misafara ilitoka Bagamoyo ikaja Tabora, na kutoka Tabora ikapita nchi ya Mtemi Mirambo hata kufika Ujiji kwenye Ziwa Tanganyika. Ndani ya msafara mmoja walikuwamo Wanyamwezi, Waswahili wa pwani, Waarabu na watu wa makabila mengine mengi, na kila mmoja alikuwa na lugha ya mama yake. Lakini mizigo ilipopimwa, posho ilipogawiwa na hongo ilipolipwa, ilibidi neno moja liwe na maana moja kwa wote. Kiswahili ndicho kilichofanya kazi hiyo, nacho kilikuwa kimekwisha fika huku bara kabla ya reli, ambayo ilifika Tabora mwaka wa 1912.

Nimeanza na habari za misafara kwa sababu bibi ambaye nataka kuwasimulia maisha yake alikuta shida iyo hiyo, ila yeye hakuikuta kati ya watu bali kati ya mashine. Kompyuta za kwanza zilikuwa kila moja na lugha yake, na kazi iliyoandikwa kwa mashine moja haikufaa kitu kwa mashine nyingine. Jina lake ni Grace Hopper, Mmarekani, mwalimu wa hesabu na afisa wa Jeshi la Wanamaji. Alifariki mwaka wa 1992, kabla ya wanafunzi wote wa shule hii kuzaliwa.

Wako wenzetu darasani waulizao kuna faida gani kusoma habari za lugha ya kompyuta iliyoanza kutungwa mwaka wa 1959, hali leo ziko lugha mpya nyingi. Naomba wawe na subira wasome mpaka mwisho.

Utoto na Masomo

Grace alizaliwa katika mji wa New York tarehe 9 Desemba, mwaka wa 1906, akiwa mtoto wa kwanza kati ya watatu. Alipokuwa na umri wa miaka 7 alitaka kujua saa ya kengele hufanyaje kazi, basi akaifungua. Alipoona vipande vyake vimetawanyika naye hawezi kuvirudisha, akaenda akachukua saa ya pili atazame ilivyopangwa, kisha ya tatu, hata akawa amefungua saa saba zilizokuwamo nyumbani. Mama yake alipogundua hakumpiga. Alimwachia saa moja tu ya kuchezea, nyingine akamkataza asiziguse.

Mama yake alipenda sana hesabu, lakini siku zile wasichana hawakuhimizwa kusoma mambo hayo. Baba yake alikuwa mtu wa bima, tena alikatwa miguu yote miwili kwa sababu ya ugonjwa. Kwa kuwa hakujua ataishi siku ngapi, aliamua kwamba binti zake wapate elimu ile ile ambayo angepewa mwana wa kiume, ili waweze kujitegemea.

Wala msidhani kwamba Grace hakupata kushindwa. Alipofanya mtihani wa kuingia chuo cha Vassar akiwa na umri wa miaka 16, alianguka katika Kilatini akakataliwa. Akarudi kusoma mwaka mmoja zaidi, na mwaka wa 1924 akakubaliwa. Mwaka wa 1928 alipata digrii ya hesabu na fizikia. Akaendelea katika Chuo Kikuu cha Yale, akapata digrii ya pili mwaka wa 1930, na mwaka wa 1934 akawa daktari wa hesabu, jambo ambalo wanawake wachache sana walikuwa wamelipata. Mwaka wa 1930 aliolewa na mwalimu Vincent Hopper, ambaye jina lake alilichukua na kubaki nalo hata baada ya kuachana naye mwaka wa 1945. Hawakupata watoto.

Toka mwaka wa 1931 alifundisha hesabu Vassar. Kama si vita, yamkini angalizeeka pale na chaki mkononi.

Vitani

Marekani ilipoingia katika Vita Kuu ya Pili, Bibi Hopper alitaka kujiunga na Wanamaji. Akaambiwa kwamba umri wake umezidi, na uzito wake umepungua ratili kumi na tano. Hakuchoka kuomba, na mwezi wa Desemba mwaka wa 1943 akapewa ruhusa ya pekee. Katika mafunzo ya maafisa alitokea wa kwanza.

Mwezi wa Julai 1944 alipelekwa Chuo Kikuu cha Harvard kufanya kazi chini ya Howard Aiken, mtu mkali aliyebuni mashine iliyoitwa Mark I. Msomaji, usifikiri juu ya kompyuta unayoweza kuishika mkononi. Mashine hii ilikuwa na urefu wa futi 51 na kimo cha futi 8, na uzito wake ulikuwa kama tani 5. Iliweza kujumlisha mara tatu kwa sekunde moja, bali kuzidisha kuliichukua sekunde 6. Maagizo yake yalitobolewa katika utepe wa karatasi, na tundu moja likikosewa kazi yote iliharibika. Bibi Hopper alikuwa mmoja wa watu wa kwanza kabisa kuiandikia maagizo, na mwaka wa 1946 kilitoka kitabu chenye kurasa zaidi ya 500 kuhusu matumizi yake, ambacho sehemu kubwa aliiandika yeye.

Hapo Harvard ndipo ilipotokea hadithi ya nondo. Tarehe 9 Septemba 1947 mashine iliyofuata, Mark II, ilikwama. Mafundi walipoipekua walimkuta nondo amekufa ndani ya swichi. Wakamtoa, wakambandika katika daftari la kazi na kuandika kwamba sasa mdudu amepatikana kweli. Waliandika hivyo kwa mzaha, maana mafundi wa Marekani walikuwa wakiita kasoro ya mashine mdudu tangu zamani. Bibi Hopper aliipenda sana habari hii akaisimulia mahali pengi, hata wengine wakadhani yeye ndiye aliyelianzisha neno hilo. Sivyo.

Kuifundisha Mashine Kusoma

Mwaka wa 1949 aliacha Harvard akaenda Philadelphia, kwenye kampuni iliyokuwa ikitengeneza kompyuta iliyoitwa UNIVAC. Huko aliona jambo lililomsumbua. Waandishi wa maagizo walikuwa na madaftari yenye vipande vya kazi vilivyokwisha jaribiwa, na kila walipotaka kipande walikinakili kwa mkono. Nao walikosea mara kwa mara, wengine katika kunakili, wengine katika kujumlisha. Akawaza hivi: kunakili na kujumlisha ndizo kazi ambazo mashine huziweza kuliko mtu. Kwa nini basi isizifanye yenyewe?

Hata mwaka wa 1952 akamaliza chombo alichokiita A-0. Alivipanga vipande vile katika utepe, kila kimoja na namba yake. Mtu aliandika namba tu, na mashine ikaenda kuvitafuta, ikaviunga kwa taratibu, ikatoa kazi nzima, mfano wa karani wa ghala apewaye orodha akarudi na vitu vyote. Chombo cha namna hii huitwa kompaila, na siku hizi hufanya kazi ya mkalimani: huchukua maneno ya mtu na kuyageuza kuwa namba za mashine. Wengi hawakuamini. Walimwambia kwamba kompyuta ni ya kupigia hesabu tu, wala haiwezi kujiandikia kazi. Ilikuwa tayari inafanya hivyo, lakini walikawia kukubali.

Kisha akaona shida ya pili. Watu wa hesabu huridhika na alama zao, lakini karani wa mishahara, mtu wa benki na mtunza ghala hawazipendi. Hao wana maneno yao ya kazi. Akasema na ayaandike kwa maneno hayo, na mashine ifundishwe kuyageuza. Wakubwa wake walimjibu kwamba haiwezekani, kwa kuwa kompyuta haijui Kiingereza.

Hapa ndipo pa kusimama kidogo, sisi tusomao Kiswahili. Ili kuwaonyesha kwamba jambo hilo lawezekana, Bibi Hopper na wenzake walitengeneza mfano mdogo wa maagizo ya Kiingereza, kisha wakabadili maneno, wakaiendesha kazi ile ile kwa Kifaransa, na tena kwa Kijerumani. Alidhani wakubwa watafurahi. Kinyume chake walishtuka, wakaona ni upuuzi kompyuta iliyotengenezwa Marekani ielewe Kifaransa au Kijerumani. Ikabidi aahidi kwamba atatumia Kiingereza peke yake. Lakini yeye alikuwa ameliona jambo ambalo hao hawakuliona. Mashine haijui Kiingereza, wala Kifaransa, wala Kijerumani. Yajua umeme upo au haupo, basi. Maneno tunayoyaona juu yake ni nguo iliyovishwa na watu, na nguo yaweza kubadilishwa.

Kutokana na kazi hiyo ilitokea lugha iliyoitwa FLOW-MATIC, ambayo iliendesha kazi za ofisi kwa maneno ya Kiingereza katika mashine za UNIVAC.

COBOL Yazaliwa

Kufikia mwaka wa 1959 shida ilikuwa kubwa. Kila kampuni ilitengeneza mashine yake na lugha yake. Mtu akinunua kompyuta mpya, kazi zote za zamani ziliandikwa upya, na gharama zikapanda. Ndipo mwezi wa Aprili bibi mwingine, Mary Hawes, alipotoa shauri kwamba pawe na lugha moja ya biashara. Tarehe 28 na 29 Mei watu wapatao 40 wa serikali, wa makampuni na wa viwanda walikutana Pentagon, makao ya Wizara ya Ulinzi ya Marekani. Bwana Charles Phillips wa wizara hiyo aliongoza mkutano.

Yafaa tuseme kweli, maana wengi huandika kwamba Bibi Hopper aliitunga COBOL peke yake. Alikuwa mshauri. Waliokaa kuiandika walikuwa kamati, na humo walikuwamo wanawake kama Jean Sammet na Gertrude Tierney. Lakini FLOW-MATIC ndiyo iliyokuwa msingi mkubwa walioujengea. Kazi ilikwenda polepole hata mmoja wao, Howard Bromberg, akakata tamaa, akanunua jiwe la kaburi lililoandikwa COBOL akampelekea Bwana Phillips. Mzaha huo haukutimia. Mwezi wa Desemba 1960 kazi moja ya COBOL iliendeshwa katika mashine mbili za makampuni mawili, RCA na Remington Rand, nayo ikakubali katika zote mbili kwa mabadiliko machache tu. Lugha ya msafara ilikuwa imepatikana.

Tena Wizara ya Ulinzi, iliyokuwa mnunuzi mkubwa, ilitangaza kwamba haitachukua kompyuta isiyoelewa COBOL, isipokuwa mtengenezaji aonyeshe kwamba mashine yake haihitaji. Basi watengenezaji wote wakafuata.

Inavyofanya Kazi

Tuchukue mfano wa hapa kwetu. Mkulima analeta marobota ya tumbaku sokoni. Tuseme yana kilo 100, na bei ni shilingi 5,000 kwa kilo. Alikopa mbolea na pembejeo nyingine za shilingi 180,000. Katika COBOL karani huweza kuandika hivi:

MULTIPLY KILO BY BEI GIVING MALIPO.
SUBTRACT MKOPO FROM MALIPO GIVING BAKI.

Maana yake, zidisha kilo kwa bei upate malipo, kisha toa mkopo katika malipo upate baki. Malipo yatakuwa shilingi 500,000, na baki shilingi 320,000. Angalieni jambo moja: vitenzi ni vya Kiingereza, bali majina ya vitu huchaguliwa na mwandishi mwenyewe, na Kiswahili chakubalika bila taabu. Hata mzazi asiyejua kompyuta aweza kufuata hesabu hiyo na kuuliza kama makato ni ya haki. Hilo ndilo alilolitaka Bibi Hopper.

Iko faida nyingine isiyoonekana upesi. Kompyuta huhesabu kwa tarakimu mbili tu, 0 na 1. Katika hesabu ya namna hiyo sehemu moja ya kumi haina mwisho, kama vile theluthi moja katika hesabu yetu, 0.333, isivyokwisha. Mashine ikikata mwisho huo, senti hupotea kidogo kidogo. COBOL humruhusu mwandishi kutaja tarakimu ngapi ziko mbele ya nukta na ngapi nyuma yake, na kuhesabu kwa makumi kama mtunza hesabu mwenye daftari. Kwa sababu hiyo mabenki, makampuni ya bima na ofisi za mishahara ziliipenda.

Haikukosa walioishutumu. Ina maneno mengi, na mtaalamu wa Uholanzi, Edsger Dijkstra, aliilaumu vikali mwaka wa 1975. Tena katika miaka ile nafasi ya kuhifadhia namba ilikuwa ghali, hata waandishi wakaandika mwaka kwa tarakimu mbili, 65 badala ya 1965. Mwaka wa 2000 ulipokaribia, ikabidi kazi nyingi zipekuliwe duniani kote, kwa fedha nyingi, mashine zisije zikadhani mwaka 00 ni 1900.

Hata hivyo haikufa. Mwaka wa 2017 shirika la habari la Reuters lilitaja makadirio ya mistari bilioni 220 ya COBOL iliyokuwa ikitumika. Mwezi wa Aprili 2020, wakati wa ugonjwa wa korona, watu wengi wa Marekani walipoteza kazi kwa siku chache. Gavana wa jimbo la New Jersey aliomba hadharani wajitokeze watu wajuao COBOL, maana mashine za kulipa posho za wasio na kazi zilikuwa zikiitumia na wajuzi wake wengi walikuwa wamezeeka. Na mwaka wa 2023 kanuni zake mpya zilitolewa. Lugha inayolipa mishahara ya watu haiachwi kwa sababu ya uzee wake.

Kurudi Jeshini na Mwisho Wake

Mwisho wa mwaka wa 1966 Bibi Hopper alistaafishwa katika Wanamaji. Mwezi wa Agosti 1967 aliitwa tena kwa miezi sita, kwa kuwa kila ofisi ya jeshi ilikuwa imeanza kuisema COBOL kwa lafudhi yake. Alitengeneza majaribio ya kupima kompaila, ili isiyofuata kanuni ikataliwe. Miezi ile sita ikawa miaka karibu 19. Alipanda cheo hata akawa admirali mwaka wa 1985, na tarehe 14 Agosti 1986 alistaafu kabisa akiwa na umri wa miaka 79.

Alibaki mwalimu siku zote. Alipozunguka kufundisha alichukua vipande vya waya vyenye urefu wa sentimita 30 hivi akawagawia watu. Urefu huo ndio umeme au nuru haiwezi kuupita katika sehemu moja ya bilioni ya sekunde. Hivyo hata mkubwa wa jeshi aliweza kushika mkononi muda usioonekana, akaelewa kwa nini vyombo vya kompyuta lazima viwe vidogo. Ofisini mwake alitundika saa iliyokwenda kinyumenyume, ili kila aingiaye ajue kwamba desturi si sababu ya kutosha ya kulifanya jambo.

Alifariki tarehe 1 Januari 1992, mwenye umri wa miaka 85, akazikwa katika makaburi ya taifa ya Arlington. Manowari moja imepewa jina lake, na mwaka wa 2016 Rais Barack Obama alimtunukia nishani kuu ya raia wa Marekani.

Na Sisi Je?

Nchi yetu haikuwa mbali na mambo haya. Serikali iliweka kompyuta yake ya kwanza Wizara ya Fedha mwaka wa 1965, kwa ajili ya hesabu. Mwaka wa 1974 ilipiga marufuku kuingiza kompyuta nchini, baada ya kuona gharama na hasara. Marufuku hiyo ilikwisha ondoka. Na mwaka wa 2004 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam pamoja na wenzao wa Sweden walitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi zilizotafsiriwa kwa Kiswahili. Hivyo lile jaribio la Kifaransa na Kijerumani lililowashtua wakubwa wa Philadelphia halikuwa upuuzi, na Kiswahili nacho kimeingia katika mashine.

Lakini lugha haiingii humo kwa kulalamika. Huingizwa na watu waijuao vizuri, waijuao na hesabu, wasiochoka kukataliwa. Binti aliyeanguka Kilatini alirudi kusoma mwaka mmoja zaidi. Mwenzangu uliyeanguka hesabu muhula huu, huo ndio mfano wako.

Na kwa kuanza hatuhitaji mashine. Chukua daftari, uandike kwa Kiswahili safi, hatua kwa hatua, jinsi malipo ya tumbaku ya nyumbani kwenu yanavyopatikana, tangu mzani mpaka fedha kufika mkononi. Usiruke hatua hata moja. Kisha mpe mzazi wako asome. Akielewa yote bila kukuuliza, umekwisha kuandika programu yako ya kwanza, na iliyobaki ni kazi ya mkalimani.